Uhamisho wa mkataba wa mauzo ya nyumba

Uhamisho wa mkataba wa mauzo ya nyumba ni hali ambapo mtu aliyekubaliana kununua nyumba anampa mtu wa tatu haki yake ya kununua, kabla miliki haijatoka kwa muuzaji. Nchini Tanzania jambo hili huchanganywa mara nyingi na uhamisho wa miliki yenyewe.

Msingi wa kisheria

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Anayeuza nyumba huuza haki ya kumiliki ardhi pamoja na maendelezo yaliyo juu yake. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Kwa kiwanja chenye hati miliki, kama vile katika Manispaa ya Musoma au mjini Bunda, mkataba lazima uwe wa maandishi na uhamisho husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Vijijini, kama katika Wilaya ya Butiama, ardhi hushikwa kimila, na kuihamisha kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji.

Nafasi ya muuzaji

Mnunuzi wa kwanza akimpitishia mwingine mkataba, haki ya kununua huhama, lakini wajibu wa kulipa bei hauhami bila muuzaji kukubali. Muuzaji hupata bei ileile ya mkataba. Nyongeza anayotoa mnunuzi wa pili huchukuliwa na aliyepitisha. Madalali huita nyongeza ya namna hii "cha juu". Muuzaji asiyetaka hali hiyo huweka katika mkataba sharti la kuombwa idhini kwanza.

Hatari kubwa ni kukabidhi hati, au kusaini fomu ya uhamisho isiyo na jina la mnunuzi, kabla ya kulipwa bei yote.

Ridhaa, kodi na migogoro

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Muuzaji hudaiwa kodi ya ongezeko la mtaji na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Hata hivyo, faida isiyozidi shilingi milioni 15 husamehewa ikiwa muuzaji amemiliki makazi hayo mfululizo kwa miaka 3 au zaidi na kuishi humo kwa jumla ya miaka 3. Migogoro husikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa hupelekwa Mahakama Kuu.