Bastola Fupi za Fataki na Jina la Polisi

Filamu za Marekani zimetuzoesha kuamini kwamba bastola fupi ya fataki (kifuniko kidogo kinacholipuka na kuwasha baruti), yenye mtutu wa inchi tatu au nne, ilikuwa silaha ya sherifu. Tarehe yake yasema vingine. Ilianza kama mali ya raia wa mjini, mwenye duka au msafiri aliyetaka kitu cha kukaa mfukoni bila kuonekana. Walinzi wa sheria waliikuta sokoni, nao wengi waliinunua kwa fedha zao wenyewe. Jina la polisi lilibandikwa na wenye viwanda, miongo kadhaa kabla ya mji kama New York kuwachagulia askari wake bastola moja rasmi.

Samuel Colt alipata hataza yake Marekani mwaka 1836, na kiwanda chake cha Paterson, New Jersey, kilitoa bastola za silinda kubwa kwa ndogo hadi kilipofilisika mwaka 1842. Waliomfufua ni Rangers wa Texas. Hao nao walikuwa walinzi wa sheria kwa namna yao, lakini walitaka silaha ya kupigania juu ya farasi, na ile aliyoibuni Colt pamoja na Samuel Walker, aliyekuwa Ranger, mwaka 1847 ilizidi kilo mbili kwa uzito. Ufupi ulitoka upande mwingine kabisa. Mwaka 1848 Colt alitoa bastola ndogo ya kipenyo cha inchi 0.31, kisha mwaka 1849 akaiboresha, ikauzwa kwa mitutu ya inchi tatu hadi sita. Hadi mwaka 1873 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 300,000, kuliko bastola nyingine yoyote ya fataki ya Colt. Hesabu hiyo inatosha kuwa ushahidi. Polisi wa New York walipoundwa mwaka 1845, sheria iliruhusu askari wasiozidi 800, na silaha yao ya kila siku ilikuwa rungu. Jumlisha miji yote mikubwa ya nchi ile, hutapata polisi wa kununua laki tatu.

Mtu atapinga: mbona Colt mwenyewe, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, alitoa bastola akaiita ya Polisi? Ni kweli, na ilikuwa kazi ya ufundi mzuri. Fremu ilibaki ndogo kama ya mwaka 1849, ila kwa chuma bora iliweza kubeba risasi za kipenyo cha 0.36, tano kwenye silinda. Remington naye alifuata na bastola yake ya Polisi mwaka 1863. Lakini zote mbili ziliuzwa kwa mitutu ya hadi inchi sita na nusu, kwa hiyo jina halikumaanisha ufupi. Wala halikumaanisha mnunuzi mmoja, maana maofisa wa jeshi na raia walizinunua pia. Jina la polisi kwenye tangazo humwambia mteja kwamba silaha hii inaaminika, na mfanyabiashara hahitaji sababu zaidi ya hiyo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la bastola zilizokatwa. Dallas Stoudenmire, mkuu wa usalama wa El Paso mwaka 1881, alikuwa na Colt ya mwaka 1860 ambayo mtutu wake ulibaki chini ya inchi tatu. Hapo pana mlinzi wa sheria na pana ufupi, sikatai. Ila bastola hiyo ilikuwa imekwisha kugeuzwa itumie risasi za ganda, zenye baruti na fataki ndani yake tayari, na ugeuzaji huo ndio ulioufanya ufupi uvumilike. Bastola ya fataki hujazwa kwa baruti na risasi, vikashindiliwa kwa wenzo uliolala chini ya mtutu, ndipo fataki ivikwe nyuma ya kila tundu. Ukiukata mtutu, wenzo nao hukosa nafasi. Zile za mwaka 1849 zenye inchi tatu hazikuwa na wenzo kabisa, na mwenye nayo alilazimika kuitoa silinda ndipo ajaze upya. Huo ni ufupi wa mtu anayetumaini kwamba risasi tano zitamaliza ugomvi. Aliyetembea na sheria kiunoni mchana kweupe hakuwa na haja ya kuficha; Wild Bill Hickok, mkuu wa usalama wa Abilene mwaka 1871, ana sifa ya kubeba Colt za Navy zenye mitutu ya inchi saba na nusu.

Hata bastola ya fataki inayouzwa leo kwa jina la sherifu, yenye mtutu wa inchi tano, ni zao la viwanda vya Italia vilivyoanza kuiga silaha za Colt mwishoni mwa miaka ya 1950. Nao polisi wa New York walipopata hatimaye bastola moja rasmi mwaka 1896, haikuwa ya fataki, Theodore Roosevelt akiwa mkuu wa bodi yao: Colt ya kipenyo cha 0.32, mtutu wa inchi nne, ya risasi za ganda.