Mtoto mchanga achomwe sindano wapi?

Katika vijiji vyetu tumeona watoto walioletwa na homa, wakachomwa sindano ya kwinini makalioni, kisha wakaanza kuburuta mguu. Wengine husema ni uchawi. Mara nyingi ni sindano iliyofika mahali pasipofaa.

Ndani ya makalio unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mpaka mguuni. Mtoto ambaye hajatembea bado ana nyama kidogo sana hapo, kwa hiyo sindano au dawa kali inafikia mshipa huo kwa urahisi. Madhara yake yanaweza kudumu maisha yote.

Mahali salama kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja ni paja, upande wa mbele kuelekea nje. Tunagawanya paja sehemu tatu, kutoka nyonga mpaka goti, na kuchoma sehemu ya katikati. Hapo nyama ni nene, na hakuna mshipa mkubwa karibu.

Wauguzi tukumbuke haya:

- Paja livuliwe nguo lote, tuone vizuri tunapochoma.
- Mama ampakate mtoto na kushika miguu yake, kunyonyesha humtuliza.
- Sindano iingie wima, nyuzi 90.
- Kila mtoto apate bomba na sindano mpya. Baada ya kuchoma, vitiwe katika sanduku la usalama bila kurudisha kifuniko.
- Kama dawa mbili zinachomwa paja moja, ziachane angalau sentimita 2.5.

Chanjo za penta na nimonia, zinazotolewa katika wiki ya 6, 10 na 14, huchomwa pajani. BCG ni tofauti: huchomwa ndani ya ngozi ya mkono. Ya surua nayo huingia chini ya ngozi, si katika nyama.

Wazazi, msiogope kuuliza: «Muuguzi, unamchoma wapi?» Wala msimlazimishe achome makalioni kwa sababu ndivyo ilivyokuwa zamani. Mguu ukilegea baada ya sindano, mrudisheni mtoto kituoni siku hiyohiyo. Muuguzi naye atoe taarifa, kwa sababu kulegea kwa ghafla kunaweza pia kuwa polio.

Tukichagua mahali pazuri, mtoto anapona homa na bado anatembea kwa miguu yake miwili.