Cunard na P&O ni Ndugu, Lakini Mmoja Bado Anakuuliza Unalala Chumba Gani

Umeziona zile video. Dada amevaa gauni refu, nyuma yake kuna ngazi inang'aa kama ya ikulu, anakwambia yuko Cunard. Unasukuma juu, inayofuata ni familia ya Waingereza kando ya bwawa la kuogelea, bia na chipsi mkononi, wako P&O. Halafu kwenye maoni watu wanapigana: Cunard ndiyo ya watu wa maana, hapana, P&O ndiyo ya watu wa raha. Vita kama ya Gor na Ingwe.

Wasee, hiyo pesa yote inaingia mfuko mmoja.

Cunard ilinunuliwa na Carnival, kampuni kubwa ya Marekani, mwaka 1998. Upande wa P&O uliokuwa na meli za kitalii uliungana na Carnival hiyohiyo mwaka 2003. Leo zote mbili zinaendeshwa kutoka mji mmoja, Southampton, Uingereza. Ni kama Sacco moja iwe na nganya ya disko na matatu ya kawaida, tajiri ni yuleyule, ila makanga wanakuangalia tofauti.

Sasa swali langu. Kama mwenye mali ni mmoja, kwa nini ukiwa ndani unahisi ni dunia mbili? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hapa hupati lekcha. Lakini hii historia nimeifuatilia sana, na nina maoni yangu.

Zote zilianza kama posta

Hakuna hata moja iliyoanza kwa ajili ya raha. Zilianza kwa tenda ya serikali.

P&O ilipata tenda mwaka 1837. Watu wawili, Brodie McGhie Willcox na Arthur Anderson, walilipwa na serikali ya Uingereza wapeleke barua Uhispania na Ureno. Hiyo ndiyo P, Peninsular. Mwaka 1840 wakaongezewa njia ya mashariki, Misri na India. Hiyo ndiyo O, Oriental.

Mwaka huohuo wa 1840, tarehe 4 Julai, meli inaitwa Britannia ilitoka Liverpool kwenda Halifax na Boston. Mwenyewe alikuwa Samuel Cunard, mfanyabiashara wa Halifax, huko ambako leo ni Kanada. Naye alikuwa na tenda ya barua. Abiria alikuwa mtu wa kujaza nafasi tu. Charles Dickens alipanda Britannia Januari 1842, na aliyoandika baadaye kuhusu udogo wa chumba chake ni matusi ya heshima. Wakati wa kurudi nyumbani alichagua meli ya matanga. Starehe kubwa ya Britannia ilikuwa ng'ombe aliyebebwa ili watu wapate maziwa freshi.

Kwa hivyo mwanzo ni mmoja. Njia ndiyo iliyowatenganisha.

Baridi na joto

Cunard alipewa Atlantiki ya Kaskazini. Bahari baridi, safari fupi, na ushindani wa kufa mtu. Huko swali lilikuwa moja: nani anafika New York kwanza? Mambo yalichemka mpaka serikali ya Uingereza ikaikopesha Cunard pauni milioni 2.6 ijenge Lusitania na Mauretania, zote zikaanza kazi mwaka 1907. Mauretania ilishika rekodi ya kasi kwa miaka 20, mpaka 1929.

Ndani ya meli hiyo moja kulikuwa na miji mitatu. Juu, daraja la kwanza, mbao za kuchongwa na watu wenye majina. Katikati, daraja la pili. Chini, daraja la tatu, wahamiaji zaidi ya 1,000 wakienda Marekani kutafuta maisha. Mtu wa chini hakuruhusiwa kutembea juu. Mlo, sitaha, hata hewa ya kupunga, kila kitu kilifuata tiketi.

P&O alipewa joto. Kabla Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, ulishuka Alexandria, ukakata nchi ya Misri mpaka Suez, ukapanda meli nyingine kwenda India. Ni safari ya wiki kadhaa. Abiria wake wengi walikuwa watu wa serikali ya kikoloni, wanajeshi, wake zao, wafanyabiashara. Hao hawakuwa na haraka ya rekodi. Walitaka Uingereza iwafuate: chai saa ya chai, michezo kwenye sitaha, chakula cha kwao hata kama nje kunachoma. Watu wengi walijuana na kila mtu alijua mwenzake ana cheo gani.

Hapa kuna hadithi lazima niivunje. Utaambiwa neno "posh" lilitoka P&O, ati matajiri walipigiwa muhuri kwenye tiketi ili wapate vyumba vya upande wa kivuli wakienda na wakirudi. Ni kweli jua lilifanya upande mmoja uwe jiko. Lakini tiketi yenye muhuri huo haijawahi kupatikana hata moja. Ni hadithi tamu tu, na kampuni za meli huishi kwa hadithi tamu.

Nani alikuwa chini kabisa?

Hapa ndipo sisi tunaingia, na hii sehemu huwezi kuiona kwenye video ya mtu yeyote.

Meli za makaa zilikula makaa kama mwendawazimu. Mauretania ilichoma karibu tani 1,000 kwa siku. Hayo makaa hayakuingia tanuruni yenyewe. Kwa Cunard, wengi waliopiga sepetu walikuwa wanaume maskini wa Liverpool. Kwa P&O, mabaharia walitoka India, wahudumu wa meza wengi walitoka Goa, na kwenye tanuru, kwenye lile joto la Bahari ya Shamu, kulikuwa na Waafrika ambao Waingereza waliwaita "seedies". Wengi walitoka Zanzibar na pwani hii yetu, wakiwemo watu waliokuwa wametolewa utumwani. Mishahara ya mabaharia wa Asia na Afrika ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile ya baharia mzungu.

Kwa hivyo yule afisa aliyekuwa juu akilalamika kuhusu joto la chumba chake, alikuwa anasukumwa na babu wa mtu anayeongea Kiswahili.

Na kuna lingine. Unamkumbuka William Mackinnon wa kitabu cha historia cha sekondari, yule wa kampuni ya IBEA iliyopewa Kenya mwaka 1888 kama shamba? Kabla ya hapo alikuwa mtu wa meli. Alianzisha British India, kampuni iliyoleta meli za barua Zanzibar kuanzia 1872. Mwaka 1914 British India ikaungana na P&O. Maana yake, kwa miaka mingi meli zilizotia nanga Kilindini zilikuwa za ukoo huu. British India ilikuwa hata na meli mbili za abiria zinazoitwa Kenya na Uganda, zilizoanza kazi 1951 na 1952, zikitoka London kuja huku. Na kwenye meli zake za Bombay kuja Mombasa kulikuwa na abiria wa sitaha, watu waliolala kwenye mikeka yao wenyewe huku wenzao wakiwa vyumbani. Bahari ni ileile, siku ni zilezile, na kila kundi likashuka Mombasa na kumbukumbu zake.

Ndege ikaharibu biashara

Mwaka 1958 ndege za jeti zikaanza kubeba abiria kuvuka Atlantiki. Safari ya siku tano ikawa ya masaa. Meli ikapoteza kazi yake ya kukufikisha mahali, ikabidi iuze safari yenyewe. Ndiyo maana leo kuna meli za kitalii.

Na hapo ndipo hawa ndugu walichagua njia tofauti, kwa macho yangu ndiyo hatua muhimu kuliko zote.

P&O ilikuwa na Canberra, meli ya 1961 yenye madaraja mawili. Ilipogeuzwa kuwa ya utalii miaka ya 1970, madaraja yalifutwa. Watu wote wakawa daraja moja. Cunard ilikuwa na QE2, ya 1969. Nayo ilipunguza madaraja, lakini kwa ujanja: ikaacha chumba unacholala kiamue unakula wapi.

Huo uamuzi bado unaishi. Ukipanda Queen Mary 2 leo, chumba cha kawaida kinakupeleka mkahawa unaoitwa Britannia. Ukilipa zaidi, Princess Grill. Ukilipa zaidi kabisa, Queens Grill, na hao wakubwa wana sebule yao na sehemu yao ya kuota jua. Hakuna anayesema daraja la kwanza. Wanasema Grill. Lakini mlango ni mlango.

Mengine ya Cunard yanafuata hapo. Kuanzia saa kumi na mbili jioni unatakiwa uvae vizuri. Kuna usiku maalum wa suti nyeusi na tai ya kipepeo, watu wanacheza dansi kwenye ukumbi wa Queens Room. Chai ya alasiri inaletwa na mhudumu aliyevaa glavu nyeupe. Mafunzo ya huduma wanayaita White Star, jina la ile kampuni ya Titanic iliyounganishwa na Cunard mwaka 1934. Honi moja ya Queen Mary 2 ilitoka kwenye Queen Mary ya zamani, ile ya miaka ya 1930. Hata mbwa wana vyumba vyao. Kuvuka kutoka Southampton mpaka New York ni usiku saba, na hakuna bandari katikati. Unauziwa hisia kwamba wewe ni mtu wa mwaka 1935, tena yule wa juu.

P&O inauza Uingereza iliyovua viatu. Iona, iliyoanza kubeba abiria 2021, inabeba zaidi ya watu 5,000. Ina paa kubwa la kioo juu ya bwawa ili mvua isiharibu likizo. Kuna vilabu vya watoto. Mavazi wamelegeza, ingawa usiku wa kupendeza bado upo. Mkahawa mkuu haukuulizi unalala chumba gani. Ukitaka kula kwa kifahari unalipa siku hiyo, unakula, umemaliza. Kuna baa inaitwa Brodie's na nyingine Anderson's, majina ya wale waanzilishi wawili. Cunard naye ana Sir Samuel's. Wazee walianza na tenda ya barua, wameishia kuwa majina ya baa.

Sasa sikiza hii

Kuna meli ya P&O inaitwa Arcadia, ya 2005. Hiyo meli ilipokuwa inajengwa ilikuwa iwe ya Cunard. Jina lilikuwa tayari, Queen Victoria. Katikati ya kazi, mwaka 2004, wenye mali wakabadilisha mawazo, wakaipa P&O. Cunard ikajengewa Queen Victoria nyingine, ikaanza kazi 2007.

Fikiria hiyo. Bodi ileile ingekuwa kasri ama ingekuwa nyumba ya shangazi, kutegemea ofisi imeamua nini. Ni kama Isuzu mbili zilizotoka kiwanda kimoja, moja ikachorwa grafiti na kuwekwa muziki, nauli ikapanda.

Maoni yangu ni haya. Chuma ni kimoja na tajiri ni mmoja. Tofauti ya ukweli kati ya Cunard na P&O ni namna wanavyoshughulika na tabaka. Cunard inalionyesha, inakuuzia kama mchezo wa kuigiza. P&O imelificha kwa wageni, inakwambia sote ni sawa hapa. Kama ningekuwa na pesa ningechagua P&O, kwa sababu sipendi kuulizwa chumba changu ndipo nipewe supu. Lakini Cunard nina heshima nayo kwa kitu kimoja: haijifanyi.

Kwa sababu kwenye zote mbili kuna mstari ambao haujafutwa. Ule wa wafanyakazi. Wengi leo wanatoka India na Ufilipino, na wanalala chini ya pale mgeni anatembea. Tanuru ziliondoka, ngazi ya chini ilibaki.

Nasema hivi kwa sababu najua nusu yenu mnaosoma hamtafuti likizo, mnatafuta kazi ya meli. Ni sawa kabisa, kazi ni kazi. Lakini ingia ukijua. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unaruhusu mpaka masaa 14 ya kazi kwa siku na 72 kwa wiki. Hiyo ni ndani ya sheria. Mkataba huohuo unakataza mtu kukutoza ada ya kukutafutia kazi melini. Unachoweza kulipia ni vitu kama pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha daktari. Ajenti akikuitisha laki moja "ya kukushikia nafasi", huyo hana meli. Ana M-Pesa tu.

Wale wa kwenye tanuru hawakuulizwa walionaje safari. Wewe ukienda, rekodi. Tuonyeshe ukumbi wa dansi, halafu shuka na simu mpaka chini, utuonyeshe unakolala.

Haya, niambieni: ungekuwa na pesa, ungechagua meli inayokuonyesha daraja lako, ama ile inayokuficha? Na kama kwenu kuna mzee aliyefanya kazi kwenye meli za British India, muulize alilala wapi, uniandikie hapa chini.