Usukani wa kulia, njia ya kulia

"Vipi huko, dogo?"

"Bado, suka. Kuna semi inashuka, na nyuma yake kigari."

"Sasa?"

"Subiri. Subiri kwanza. Haya, kweupe! Twende, twende!"

Lori likanguruma, likajikokota hadi katikati ya barabara, likaanza kulipita kamioni lililobeba magunia ya chokaa. Mimi nilikuwa nyuma ya viti, kwenye kile kitanda cha dereva, nimeshika chuma kwa mikono miwili. Tulikuwa tunapanda mwinuko kabla ya kuingia Likasi tukitokea Lubumbashi. Dereva, Mtanzania aliyeondoka Dar es Salaam wiki moja kabla, hakuwa ameona chochote cha mbele. Aliyeona ni utingo wake, kijana aliyetoa kichwa nje ya dirisha la kushoto.

Sababu ni rahisi kueleza na ngumu kuishi nayo. Kongo tunaendesha upande wa kulia, kama Wabelgiji walivyotuachia. Tanzania na Zambia wanaendesha kushoto, kama Waingereza walivyowaachia. Lori lililotengenezwa kwa ajili ya Dar es Salaam lina usukani upande wa kulia. Likishavuka mpaka wa Kasumbalesa linahamia kulia mwa barabara, na dereva anajikuta amekaa juu ya mtaro. Akiwa nyuma ya gari jingine, anachokiona ni turubai na nyasi. Ili achungulie kwa macho yake mwenyewe lazima kwanza atoe nusu ya lori zima katikati, na hapo kama kuna kitu kinakuja, kuchungulia kwenyewe kumeshakuwa ajali.

Sheria yetu ya barabarani, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, haina fumbo: shika kulia, pita kwa kushoto, na usipite usipoona mbele. Aliyeiandika alimfikiria dereva aliyekaa kushoto. Utingo wa Kitanzania mwenye kichwa nje ya dirisha hakumfikiria.

Lakini adabu ya kupitana katika njia hii ni ya zamani kuliko sheria, ni ya zamani kuliko hata gurudumu. Katikati ya karne ya 19 alitoka Unyamwezi mfanyabiashara mmoja, Msiri, akafuata shaba hadi huku, akajenga ufalme wa Garenganze na mji wake mkuu Bunkeya, kaskazini ya Likasi ya leo. Shaba na pembe zake ziliondoka mabegani mwa watu kuelekea mashariki. Hata msafara wa Kizungu wa Kapteni Stairs, ambao mtu wake alimuua Msiri tarehe 20 Desemba 1891, ulipita Bagamoyo na Tabora na kubebewa mizigo na wapagazi wa pwani. Kwa hiyo dereva wa Dar anayelala Likasi usiku wa leo hakugundua njia mpya.

Vijia vya misafara vilikuwa na upana wa mtu mmoja. Basi misafara miwili ikikutana, nani ajitoe porini? Richard Burton, Mwingereza aliyetembea kutoka pwani hadi Kaze, karibu na Tabora, kuanzia 1857, ameeleza jambo hilo katika kitabu chake cha 1860. Makirangozi, yaani viongozi wa misafara, wa pande mbili walisogeleana kwa madaha, hatua na kituo, wakitazamana kwa jicho la pembeni. Walipokaribiana wakainama ghafla na kugonganisha vichwa kama kondoo dume. Wapagazi nyuma yao wakafanya vilevile. Mgeni angedhani ni vita, kumbe mara nyingi iliishia kwa kicheko, na walio dhaifu ndio waliopisha. Nikiona leo malori mawili yanawashiana taa kamili mchana kweupe penye daraja jembamba, mimi huwaona wale makirangozi.

Kisha ikaja reli. Ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910 ikitokea upande wa Zambia ya leo, ikafika Kambove 1913 na Bukama 1918. Reli ilileta nidhamu ambayo barabara haijawahi kuijua. Njia ni moja ya chuma, na treni hazipitani, zinapishana tu, tena stesheni, moja ikiwa imeingizwa kando na kungojea ruhusa. Kiswahili kina bahati ya kuyatenga haya mawili, kupita na kupishana. Katika kupishana mnajua wote wawili. Katika kupita anajua mmoja, na mwenzake anaambiwa baadaye.

Mji uliokua hapa chini ya kampuni ya madini ya Union Minière, wenye viwanda vyake vya Shituru na Panda, uliitwa Jadotville kwa jina la Jean Jadot, ukarudishiwa jina la Likasi mwaka 1966. Ulikuwa mji wa reli. Makamioni yalikuwepo, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuilisha stesheni, si kushindana nayo. Ndani ya makamioni hayo alikaa mtu ambaye historia imemsahau haraka mno, boishofere. Alijaza maji kwenye rejeta, aliweka gogo nyuma ya tairi kilimani, alilala juu ya mzigo, aliteremka kuangalia kama daraja la miti litabeba. Jina lenyewe lilikuwa la dharau, mtu mwenye wake na watoto akiitwa boi. Siku hizo usukani ulikuwa kushoto na njia kulia, kwa hiyo shofere aliona mwenyewe. Boishofere hakuhitajika kwa macho yake. Hilo limekuja baadaye.

Kwamba barabara ni moja, Likasi iliwahi kujua kwa mizinga. Septemba 1961, wakati wa kujitenga kwa jimbo letu la Katanga, kikosi cha askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa chini ya Pat Quinlan kilizingirwa hapa Jadotville. Walioondoka Élisabethville kuja kuwaokoa walikwama kwenye daraja la Lufira, na waliozingirwa wakaishia mikononi mwa Wakatanga. Januari 1963 Umoja wa Mataifa ulirudi kwa njia ileile. Madaraja yalikuwa yamelipuliwa, wakavuka mto kwa shida, wakaingia mjini tarehe 3. Daraja lile likizibwa, Likasi na Lubumbashi hazionani.

Turudi kwenye mizigo, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mwaka 1986 kampuni ya madini ya serikali, Gécamines, ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba, na sehemu kubwa iliondoka kwa behewa. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, ukaporomoka, na kampuni ikaporomoka nao. Reli ikachakaa, injini zikafa moja moja. Kisha ikaja sheria mpya ya madini ya 2002, wawekezaji wakamiminika, shaba na kobalti zikaanza kutoka upya, ila treni ya kuzibeba haikuwepo tena. Tangu 2022 nchi inatoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka. Gawanya kwa tani 30 za lori moja, unapata safari zaidi ya 66,000. Si zote zinapita Likasi. Treni ya Lobito imeanza tena kuchukua sehemu yake upande wa Angola, na kuna njia nyingine za kutokea Zambia. Lakini mizigo mingi ya Kolwezi inayoshuka kusini hupita hapa, na malori yaleyale hurudi na asidi, salfa, chokaa na mafuta. Yote hayo yamemwagwa juu ya barabara yenye njia moja kila upande.

Wenzetu wa Nairobi, tangu barabara ya Thika ifunguliwe mwaka 2012 na njia zake nane, wanaweza kugombana juu ya nani anang'ang'ania njia ya ndani bila kupita mtu. Ni ugomvi wa matajiri, nauonea wivu. Kwetu hakuna njia ya kupitia. Anayepita anaikopa njia ya anayekuja, na mwenye nayo anaihitaji baada ya sekunde chache.

Ndiyo maana madereva wamejitungia lugha. Katika barabara za Tanzania na Kenya, lori lililo mbele likiona kweupe huwasha indiketa ya kushoto, upande wa majani: pita. Likiona hatari huwasha ya kulia, upande wa katikati: baki hapohapo. Ni hisani ya bure kwa mtu usiyemjua na ambaye hutamwona tena, na anayepita hujibu kwa kupepesa taa au kupiga honi fupi ya shukrani. Sasa vuka nayo Kasumbalesa. Majani yamehamia kulia, katikati imehamia kushoto. Indiketa ya kushoto iliyosema "pita" tangu Chalinze, Mbeya na Kapiri Mposhi, huku inasema "baki". Hakuna kibao mpakani kinachomwambia dereva kwamba msamiati wake umegeuzwa ndani nje. Dereva yule wa mwinuko wa Likasi aliniambia kwamba safari zake za kwanza alijifunga uzi kwenye kidole cha mkono wa kulia, akumbuke kuwa huo ndio upande wa kumruhusu mwenzake. Na bado, alisema, usiku akichoka huwa haonyeshi chochote. Bora mtu akuone huna adabu kuliko umwite kwenye kifo chake.

Usidhani ni wageni tu. Hapa Likasi, kama Lubumbashi, magari mengi ya watu wa kawaida ni mitumba ya Japani iliyoingia kwa bandari ya Dar es Salaam au Durban, usukani kulia. Tazama Hiace ya abiria inaposimama. Mlango wake wa kuteleza uko kushoto, kwa sababu Japani kushoto ndiko kwenye ukingo. Kwetu kushoto ni katikati ya barabara. Mama ana beseni la mboga kichwani, mtoto mgongoni, na anashukia mahali ambapo moto-taksi zinapita kwa kasi. Konvoyeri, yaani kondakta, ambaye ni mtu wa maana hushuka kwanza, anasimama amekunjua mkono kama mzani, anazuia dunia mpaka mama avuke. Asiye wa maana huhesabu pesa.

Na kuna mambo ambayo hayana hisani wala ishara. Februari 2019, kijijini Kabwe, katika barabara ya Kolwezi, lori lililobeba asidi ya salfa liligongana na basi. Watu wapatao 20 walikufa, baadhi kwa asidi iliyowamwagikia. Tangu hapo madereva wengi ninaowajua hawalipiti tangi la asidi kilimani hata wakiwa na haraka ya maziko. Hilo halikuandikwa katika sheria yoyote. Waliamua.

Tulifika Likasi jioni. Utingo alishuka, uso mwekundu kwa vumbi upande wa kushoto tu, akanawa, akaniomba moto wa sigara. Nilimuuliza kama analipwa kwa kazi ya macho. Akacheka. Analipwa kwa kufunga turubai.

Basi msomaji, ukiletwa Likasi kwa gari la usukani wa kulia, na ukapewa kile kiti cha mbele cha kushoto, usidhani umeheshimiwa. Umeajiriwa. Usilale.