Nani Alishika Tochi? Historia Fupi ya Taa ya Chini ya Boneti

Historia za magari zinaandikwa kutoka kwenye kiti cha dereva. Ukizisoma utajua nani alibuni injini, nani alishinda Safari Rally, nani alivuka bara kutoka Cape hadi Cairo. Yule aliyeshika tochi gari lilipozima usiku porini, huyo hutamkuta. Nimekuwa nikimfikiria tangu Julai, nilipokwenda Nakwa, Babati mjini, kumsaidia mjomba kufunga taa chini ya boneti ya Land Rover yake.

Kwanza tuitazame taa yenyewe. Magari ya mwanzo yalimulika njia kwa mafuta ya taa, halafu kwa gesi ya kabidi, ile ambayo harufu yake bado imo ndani ya neno letu karabai. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilitoa gari lenye stata ya umeme na taa za umeme katika mfumo mmoja, kazi ya Charles Kettering na wenzake. Gari likishakuwa na betri, kuongeza taa nyingine ni suala la waya tu. Wamarekani waliongeza kwenye buti, kwenye kasha la dashibodi, na mwisho chini ya boneti. Ile ya boneti ilikuwa na akili yake: ndani ya swichi kulikuwa na tone la zebaki, na boneti ikiinuliwa, tone linateleza, linaunganisha umeme, taa inawaka. Hakuna wa kubonyeza kitu. Ilidumu miongo mingi, hadi viwanda vya Marekani vilipoacha swichi za zebaki mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu magari yakiyeyushwa kuwa chuma chakavu, zebaki ile inakwenda hewani.

Land Rover ilikuja na fikra nyingine. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, gari la shamba lililobuniwa na Maurice Wilks wakati Uingereza ina uhaba wa chuma, ndiyo maana bodi yake ni ya aluminiamu. Chini ya boneti hawakuweka taa. Waliweka matundu mawili kwenye dashibodi ya kuchomekea taa ya mkononi. Yaani mhandisi alikwishapiga hesabu kwamba usiku wa matatizo kutakuwa na mkono wa pili.

Huku kwetu mkono huo ulikuwa na jina: utingo. Wengine wanamwita tanboi. Kwenye barabara ya Arusha, Babati, Kondoa hadi Dodoma, ambayo wakoloni waliihesabu kuwa sehemu ya Barabara Kuu ya Kaskazini, utingo ndiye aliyeweka jiwe nyuma ya tairi, aliyeshuka na ndoo kutafuta maji ya rejeta, aliyelala juu ya mzigo. Na giza likiingia, ndiye aliyekuwa taa ya chini ya boneti. Baada ya vita vya Kagera, miaka ile ya mwanzo ya 1980 ambapo vipuri havipatikani na mafuta ni ya foleni, betri za tochi nazo zilikuwa mali. Zilikuwa zinaanikwa juani mchana ili zitoe mwanga kidogo tena usiku. Nani alikuwa anazianika? Ndiyo huyo huyo.

Mjomba alianza hivyo, kabla hajawa dereva. Anasema kazi ya tochi ilikuwa ndiyo shule. "Fundi hakufundishi kwa mdomo, mpwa. Anakwambia mulika hapa. Ukimulika pasipo unakula kofi. Baada ya mwaka unajua atakapotaka mwanga kabla hajasema." Kwa hiyo alijifunza kabureta kwa kuimulika. Madereva wengi wa rika lake wana cheti cha aina hiyo.

Leo ana umri wa miaka sabini na kitu, macho yanafifia, na watoto wako Arusha na Dar. Gari ni Series IIA ya miaka ya sitini, aliyoinunua kwenye mnada. Bado inabeba mahindi. Ila wa kumwambia "mulika hapa" hayupo.

Tulimwita kijana fundi umeme wa pale mjini. Alikuja na taa ya LED, nzuri, nyeupe. Akaifunga kwa majaribio, haikuwaka. Mjomba akacheka tu. Land Rover za kabla ya 1967 hivi zina ethi ya chanya: waya wa betri unaokwenda kwenye bodi ni wa chanya, sio hasi kama magari ya leo. LED inapitisha umeme upande mmoja tu, ukiigeuza inanyamaza. Balbu ya kawaida haijali. Tukachagua balbu ya wati 5, inayokula chini ya nusu ampea, ili hata ikisahaulika usiku kucha betri isife.

Mengine yalikuwa ya utaratibu. Gari lile lina fyuzi mbili tu, hivyo tuliweka fyuzi ya peke yake kwenye waya wa hasi, karibu na betri. Ethi hatukuitegemea bawaba ya boneti, kwani pale aluminiamu inapokutana na chuma panaingia kutu na rangi inazuia. Tulivuta waya hadi kwenye chesisi, tukasugua mpaka chuma king'ae. Swichi ni ile ya kusukumwa, kama ya mlango. Kutoboa bodi mjomba alikataa katakata, basi tukatumia bolti zilizokuwepo.

Mwezi Oktoba 2024 Arusha ilikusanya mamia ya Land Rover kwenye tamasha, ili kuvunja rekodi ya msafara iliyowekwa Ujerumani. Nilifurahi, kwa nini nisifurahi? Lakini magari hayo hayakudumu kwa ubora wa kiwanda peke yake. Lami ya Dodoma–Babati ilizinduliwa rasmi Aprili 2018. Kabla ya hapo gari liliwekwa barabarani na watu wawili, na mmoja wao jina lake halikuandikwa kwenye kadi yoyote.

Wapo bado, wengi wazee kama mjomba, Babati, Kondoa, Singida. Kama una mmoja kwenu, mwulize alimshikia nani tochi, barabara ipi, mwaka gani, kisha uandike. Makumbusho ya magari yatatunza mabati. Hayo mengine hakuna wa kuyatunza ila sisi.