NANI ANALIPA MWALIMU? HISTORIA YA PRIMU, KODI ISIYOKUWA NA JINA



Karibu kila mmoja wetu aliyesoma Congo kabla ya 2019 anajua ile asubuhi. Direkta anaingia darasani na karatasi, anasoma majina, na wenye kusomwa wanafunga mikoba yao na kurudi nyumbani. Hawakufanya utundu, hawakushindwa hesabu. Ni primu tu ilikuwa haijalipwa.

Tulizoea hata tukaona ni jambo la kawaida, sawa mvua ya Novemba. Lakini primu haikuanguka toka mbinguni. Iko na mwaka wake wa kuzaliwa, iko na sababu zake, na iko na watu waliokula juu yake. Tuipitie basi, kwa sababu mjadala wa mshahara wa mwalimu ungali wa moto mpaka leo, na wengi wanaujadili kama vile ulianza juzi.

Wazo langu ni moja: primu ilikuwa kodi. Wazazi wa Congo walilipa kodi ya masomo zaidi ya miaka 25 bila kuiita kodi, na kwa sababu haikuitwa kodi, hawakupata haki ya kuuliza inaenda wapi.

1. SERIKALI INAKUSANYA, MISIONI INAFUNDISHA

Tangu mwanzo, mwenye kukusanya kodi na mwenye kufundisha hawakuwa mtu mmoja. Mwaka 1906, Serikali ya Leopold II ilifanya mapatano na Vatikani: misioni za Katoliki zitapewa mashamba, nazo zitafungua shule. Toka miaka ya 1920, koloni ya Wabelgiji ikaanza kutoa msaada wa pesa kwa shule za misioni za Katoliki. Waprotestanti walingoja mpaka kiisha vita ya pili ya dunia ndipo nao wakahesabiwa. Shule za serikali zisizo za dini, zenye kupokea watoto Waafrika, zilianza kweli mwaka 1954 tu, wakati waziri wa koloni alikuwa Auguste Buisseret. Mabishano yalikuwa makali sana, mpaka yakaitwa vita ya shule.

Wakati ule wote, babu zetu walikuwa wanalipa kodi ya kichwa. Mwanaume alitafuta franga za kodi kwenye mashamba ya wazungu, kwenye barabara, kwenye machimbo ya Katanga. Kodi yake ilienda kwa Bula Matari. Mtoto wake alifundishwa na padri ama mchungaji. Kati ya ile kodi na ile shule, mzazi hakuona kamba yoyote inayoziunganisha. Tukumbuke jambo hilo, maana litarudi.

2. SHABA INAPOANGUKA

Kiisha uhuru, serikali ilijaribu kushika masomo yenyewe. Mwisho wa 1974 Mobutu alitaifisha shule za makanisa. Haikuchukua miaka mitatu, usimamizi ukashinda, na tarehe 26 Februari 1977 serikali ikatia sahihi mkataba na makanisa: shule zinabaki za serikali, makanisa yanaziendesha, serikali inalipa walimu. Ndizo hizi tunaziita «conventionnées». Mkataba ule ndio unatuongoza mpaka sasa.

Ahadi ya kulipa walimu ilisimama juu ya mguu mmoja: shaba. Gécamines ndiyo ilikuwa kibuyu cha serikali. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, wakati ule ule zairianizasio ilikuwa imeharibu biashara. Deni likapanda. Katika miaka ya 1980 Benki ya Dunia na FMI wakataka serikali ipunguze matumizi, na masomo yakakatwa bila huruma. Walimu wengi walitolewa kwenye listi. SECOPE ilizaliwa katika kipindi hicho, kwa kuhesabu walimu na kuzuia mishahara ya watu wasiokuwepo.

Kisha mguu wenyewe ukavunjika. Mgodi wa Kamoto ulibomoka Septemba 1990. Gécamines, iliyokuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilikuwa chini ya tani 50,000 kufika 1994. Serikali ikabaki kuchapisha noti. Mshahara wa mwalimu, hata ukifika, ulifika ukiwa maji.

3. «NI KWA MUDA TU»

Kati ya 1991 na 1993 nchi ilipasuka. Uporaji wa Septemba 1991, uporaji wa Januari 1993 wakati askari walilipwa kwa noti za milioni 5 ambazo wafanyabiashara walizikataa. Walimu waligoma miezi na miezi. Watoto walibaki nyumbani, na wazazi wakaogopa kizazi kizima kipotee.

Hapo ndipo primu ilizaliwa. Kanisa Katoliki na wazazi walikubaliana: mzazi atatoa kitu kidogo ili mwalimu apate nguvu ya kurudi darasani. Shule zingine zikafuata. Wakaiita «motivation», neno la heshima. Walisema ni kwa muda tu, mpaka serikali isimame.

Tuseme ukweli: bila wazazi wale, shule ya Congo ingekufa. Hakuna wa kuwacheka. Mama muuza mihogo, baba mwenye kusukuma tshukudu, ndio walioweka mlango wazi wakati wakubwa walikuwa wanagombania viti Kinshasa. Ni jambo kubwa katika historia yetu, na halina sanamu hata moja kwenye mizunguko ya barabara.

Lakini wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Primu ilikuja mgeni, ikakaa miaka 26, na jembe akapewa mwenye nyumba.

4. MAKUTA YANAPANDA NGAZI

Kwa nini haikuondoka? Hapa ndipo mwanafunzi wa historia asimame kidogo, maana jibu la «serikali ilikuwa maskini» halitoshi.

Pesa ya mzazi haikubaki yote shuleni. Kulikuwa na mgawanyo. Sehemu ilibaki kwa mwalimu, sehemu kwa direkta na kazi za shule, na sehemu ilipanda: kwenye ofisi ya kanisa inayosimamia shule, kwenye sous-division, kwenye inspeksio, mpaka provinsi. Juu yake kulikuwa minervali, asiransi ya SONAS, pesa ya kitambulisho cha mwanafunzi, na pesa za mitihani. Ofisi zile nazo hazikuwa zinapewa pesa ya kazi na Kinshasa, kwa hiyo zilijifunza kuishi kwa mtoto aliyeko darasani. Artikeli 15 ikavaa koti na kravati.

Matokeo ni mawili. Kwanza, kila ngazi ilipata sababu ya kuilinda primu, hata pale serikali ilipoanza kupata nguvu. Pili, kufungua shule mpya kukawa njia ya kipato: shule zaidi, watoto zaidi, asilimia zaidi. Ndiyo maana tukawa na walimu wengi sana ambao wanafundisha lakini hawamo kwenye malipo ya serikali, wale tunawaita N.P. na N.U. Hao waliishi kwa primu peke yake.

Na sheria? Kila mwaka gavana alitia sahihi amri ya kupanga pesa za shule katika provinsi yake. Ona vizuri: pesa inapangwa na mkubwa wa serikali, inalipwa kwa lazima, asiyelipa anaadhibiwa kwa kufukuziwa mtoto, na sehemu yake inalisha ofisi za serikali. Kama hiyo siyo kodi, basi kodi ni nini? Ila kodi ya kweli inapigiwa kura na wachaguliwa, inaandikwa kwenye bajeti, na inaangaliwa na mahakama ya hesabu. Primu ilikuwa na uzito wa kodi bila masikio ya kodi.

Tena ilikuwa kodi isiyo ya haki. Shule ya mjini, yenye wazazi wa ofisi na wa biashara, ilitoa primu iliyopita mshahara wa serikali. Kijijini mzazi alileta maharagwe ama kuku. Mwalimu mzuri akakimbilia mjini. Serikali nayo iliongeza kidonda kwa zile zone za mishahara: mwalimu wa Kinshasa alilipwa kuliko mwenzake mwenye diploma ile ile aliyeko porini.

5. SEPTEMBA 2019: KODI INAFUTWA, DENI LINABAKI

Katiba ya 18 Februari 2006, artikeli 43, ilikuwa imesema wazi: masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Mwaka 2010 ilianza kidogo kidogo, kwa madarasa ya kwanza, lakini miji ya Kinshasa na Lubumbashi iliachwa nje. Ndipo katika masomo yaliyofunguliwa tarehe 2 Septemba 2019, Rais Félix Tshisekedi akatangaza bure kwa shule zote za msingi za serikali.

Watoto waliingia kwa mamilioni. Ni ushindi, na asiuchezee mtu. Msichana ambaye jana alibaki kuchota maji ili kaka yake alipiwe, leo anajua kusoma. Lakini siku ile ile ilitokea hesabu tatu ambazo hazikufungwa.

Moja: mwalimu wa shule kubwa ya mjini aliona kipato chake kinashuka, kwa kuwa nyongeza ya serikali haikufikia primu aliyokuwa anapata. Mbili: walimu N.P. walipoteza primu na mshahara hawana, wakaambiwa wangoje zamu yao kwenye listi. Tatu: madarasa yalijaa, watoto 100 na zaidi kwa mwalimu mmoja, bila bati wala madawati mapya.

Ndiyo maana migomo haikuisha. Walimu walikuwa wanakumbusha tangu zamani mapatano ya Mbudi ya 2004 juu ya mishahara ya watumishi wa serikali. Oktoba 2021 waligoma tena, na mazungumzo ya Bibwa yakafuata, wakidai pamoja na mengine zile zone za mishahara ziondolewe. Na primu yenyewe haikufa. Ilihamia sekondari. Mtoto anasoma miaka ya kwanza bure, akipanda tu, karatasi ya majina inamngoja mlangoni.

6. KWENYE KIKAO CHA WAZAZI

Leo ukikaa kwenye kikao cha wazazi, utasikia sauti tatu. Mzazi anasema: «Rais alisema bure, mnatuomba nini tena?» Mwalimu anajibu: «Na mimi watoto wangu wanakula nini?» Direkta anainamisha kichwa: «Pesa ya kazi haijafika, hata chaki hakuna.» Wote watatu wako na haki. Wanagombana kwa sababu wa nne, mwenye mfuko, hayuko kwenye kikao.

Na mfuko upo. Artikeli 175 ya katiba inasema provinsi zibaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao. Haijatekelezwa sawasawa mpaka leo. Sheria ya migodi ya 2018 iligawa redevansi za madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa provinsi, 15 kwa sheferi, sekta ama komini yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa hiyo kuna sheferi na sekta za Lualaba na Haut-Katanga zinazopokea pesa ambazo babu zetu hawakuota. Zingine zimejenga madarasa. Darasa ni vizuri. Ila bati halifundishi.

Wengine wanapendekeza basi sheferi zenye madini zilipe walimu. Mimi naona hatari: mwalimu wa Fungurume atashiba, wa Shabunda atalala njaa, na tutarudi kwenye ubaya ule ule wa primu. Mshahara ubaki deni la taifa, sawa kwa diploma sawa. Pesa ya hapa kwetu ishike majengo, madawati, chaki, maji na vyoo, ambavyo ndivyo visingizio vya kuomba mzazi. Na hesabu yake ibandikwe kwenye ukuta wa shule, mahali COPA na COGES wataisoma, kwa franga na kwa tarehe.

7. KWA SISI TULIOSOMA

Diploma zetu zina walipaji wengi ambao majina yao hayako juu ya karatasi. Primu walilipa wazazi, na njaa walilipa walimu. Historia hii inatufundisha kwamba shida ya shule ya Congo haikuwa kukosa watu wa kutoa. Watu walitoa, tena kuliko nguvu zao, tangu kodi ya kichwa mpaka primu. Kilichokosekana kila mara ni ile kamba kati ya franga inayotoka mkononi na darasa ambalo mtoto anakaa ndani.

Sisi tunajua kusoma bajeti. Tunajua kuandika barua kwa burgumesta, kwa mkubwa wa sekta, kwa mdeputé wa provinsi. Basi tuanze na swali dogo, kila mmoja pale anapoishi: mwaka huu komini ama sheferi yangu imepokea ngapi, na shule yetu imepata ngapi? Tuulize kwa heshima, tuulize kwa maandishi, na tuulize tena mwezi unaofuata.

Aliyelipa ana haki ya kuuliza. Wazazi wetu walilipa.