Mbegu Ifananayo na Mama

Katika ibada za mavuno tumezoea kusema kwamba mtu huvuna alichopanda. Mkulima wa Mafinga anajua kuwa kwa mahindi chotara haiko hivyo. Akichagua punje za hindi lake bora na kuzipanda msimu unaofuata, mimea huota isiyolingana na mavuno hupungua.

Historia yake si ndefu. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale, Kenya, kilitoa H611, chotara ya mahindi ya Kitale na ya Ecuador. Baadaye H614 ikaenea huku Nyanda za Juu Kusini, na Uyole, Mbeya, ikatoa chotara zake zenye herufi UH. Magunia yaliongezeka. Lakini kila msimu inatupasa kurudi dukani, na asiye na fedha hupanda alichobakiza ghalani.

Ipo mimea isiyo na shida hiyo. Mtawa Gregor Mendel, aliyetangaza sheria za urithi kwa njegere mwaka 1865, aliijaribu mimea iitwayo Hieracium. Mwaka 1869 alieleza kuwa machotara yake yalizaa watoto wasiobadilika, kinyume cha njegere. Alifariki mwaka 1884 bila kujua sababu. Mapema karne ya 20 watafiti wa Denmark walikata sehemu za maua zinazotoa na kupokea chavua, na mbegu zikatokea vilevile. Kiinitete kilitoka kwa mama peke yake. Jambo hilo huitwa apomiksisi. Hata kokwa moja ya chungwa huweza kuotesha miche kadhaa, mingine ikiwa mfano halisi wa mama.

Nchini mwetu majani ya malisho Panicum maximum huzaa hivyo. Watafiti wa Ufaransa waliyakusanya Kenya na Tanzania mwaka 1967 na 1969, na huko Korogwe wakakuta machache yanayozaa kwa baba na mama. Hayo machache yalikuwa ya thamani, maana bila kuchanganya hakuna aina mpya. Ukishapata aina njema, apomiksisi huitunza. Leo Brazil hulisha ng'ombe kwa aina ziitwazo Tanzânia na Mombaça.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza mpunga waliobadilisha vinasaba vyake hata ukatoa baadhi ya mbegu zilizo sawa na mama. Mahindi ya namna hiyo bado hayajafika dukani kwetu. Yakifika, mjane ataweza kutunza mbegu yake mwenyewe, mradi wenye haki ya mbegu hiyo wamruhusu. Tena mashamba yote yakiwa sawa, ugonjwa mmoja utayamaliza yote.

Wapendwa, Muumba aliweka njia zote mbili: ya kuchanganya na ya kutunza. Hadi hapo, tunapopokea sadaka ya mavuno, tusimwite mvivu aliyeleta debe moja. Huenda alipanda kwa uaminifu mbegu pekee aliyokuwa nayo.